Mzee Akapiga ya 26

Mwaka 2011 nilikuwa Bagamoyo nasomea ngoma, na kuhusu miguu yangu sikuambilika. Sindimba nacheza, lizombe nacheza, bugobogobo nacheza jua la utosi. Vigimbi vilikuwa vimejaa kama vya wavuta juya.

Tatizo kifundo cha kushoto. Nilishakitegua mara mbili kwa kutua vibaya. Bibi mwenye nyumba alikikanda kwa maji ya chumvi, nikapona, nikarudi kuruka, kikateguka tena.

Ndipo akaja mwalimu mgeni wa baleti, mama wa Kifaransa, mfupi, wa umri wa kunizaa. Tukajua tutafundishwa kuzunguka kwa ncha za vidole. Asubuhi ya kwanza akatupeleka ukutani. Simama mguu mmoja, goti limenyooka, vidole viwili tu vya mkono viguse ukuta. Pandisha kisigino mpaka mwisho, shusha taratibu. Mara 25. Baleti imelelewa ikulu, mfalme Louis XIV aliiundia taasisi Paris mwaka 1661, na majina yake bado ni ya Kifaransa. Basi hilo nalo likaitwa relevé, utadhani jina zuri linapunguza maumivu.

Mzee wetu mpiga msondo akatupigia mdundo. Di. Kimya kirefu. Di.

Kulia nilimaliza, nikatazama wenzangu. Kushoto, ya 9 kisigino kikaishia nusu. Ya 11 goti likajikunja lenyewe. Ya 12 kifundo kikaanza kuyumba, uzito wote ukakimbilia kidole kidogo. Ya 14 nikaegemea ukuta kwa kiganja kizima, nikatoka na chokaa mkononi. Mzee akaongeza di mbili, makusudi kabisa.

"Mwanangu, ngoma inakusubiri."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alichuchumaa, akakibonyeza kigimbi changu, akasema kupitia mkalimani kwamba mtu akitua kutoka juu, mguu unapokea mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na breki ni misuli hii pamoja na ile myembamba ya ubavuni mwa mguu. Ikichoka, kifundo kinalala upande. Nikabisha: mbona nacheza kila siku? Akajibu kwamba nikicheza, kasi inanibeba. Nguvu inataka mzigo, mwendo wa polepole, na siku ya kupumzika.

Hiyo ya kupumzika ndiyo iliyonishinda kuamini. Lakini tulifanya. Siku tatu kwa wiki, madumu ya lita 10 yaliyojaa maji, kuchuchumaa, kupanda, kushuka. Kisha visigino tena, safari hii goti limekunjwa kidogo, maana kuna msuli wa chini ya kigimbi unaofanya kazi zaidi hapo. Mtu ukienda chooni ulishuka kwa kushika mlango.

Wiki ya sita nikarudi ukutani na mguu wa kushoto. 23. 24. Ya 25 ilipanda ikitetemeka, lakini ilipanda mpaka mwisho. Nikamgeukia mzee.

Akapiga ya 26.