Laptopu yangu ilivyokuwa bubu kwenye Debian 11, na nilivyoirudishia sauti

Laptopu niliinunua mkononi kwa mtu, prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 10. Nikaipiga Debian 11, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Waifai ilikataa mpaka nilipoipa fimuwea, yaani ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe. Haikunijia akilini kwamba sauti nayo huenda inadai ya kwake.

Nikafungua video: kimya. Kwenye mipangilio, penye jina la spika, paliandikwa "Dummy Output". Ni kadi ya bandia. Mfumo hujiwekea hiyo ukikosa ya kweli. Jioni mbili nzima nilihangaika na PulseAudio, programu inayogawa sauti kwa programu nyingine, nikiiondoa na kuirudisha. Kazi bure, kwa sababu PulseAudio inapokea tu kile inacholetewa na kerneli, yaani kiini cha mfumo.

Siku ya tatu nikaanza chini kabisa. Amri ya lspci ilionyesha chipu ya sauti ipo. Lakini aplay -l ikasema hakuna kadi hata moja. Kifaa ni kizima, basi. Kilichokwama ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kerneli kuongea na kifaa.

Nikapata njia ya mkato: kuweka faili ndani ya /etc/modprobe.d/ lenye mstari huu:

options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1

Nikawasha upya, spika zikalia. Nilifurahi mno! Kesho yake nikampigia Mama kwa video. "Mwanangu, naona mdomo unacheza tu, sauti hakuna."

Hapo ndipo nilipoelewa ule mstari unafanya nini. Unailazimisha kerneli itumie draiva ya zamani, snd_hda_intel, na kuiruka prosesa ndogo ya sauti iitwayo DSP. Spika hazina shida na hilo. Maikrofoni za ndani, kwenye laptopu kama hii, zimeungwa moja kwa moja kwenye DSP, kwa hiyo ukiiruka DSP umeziruka na zenyewe.

Nikaufuta mstari, nikawasha upya, kisha nikasoma kumbukumbu za kerneli kwa dmesg | grep -i sof, SOF (Sound Open Firmware) ikiwa fimuwea ya ile DSP. Jibu lilikuwa limekaa pale tangu siku ya kwanza: faili la fimuwea ya SOF halipo. Debian 11 huliweka kwenye hazina ya non-free, kando na programu huria. Nikahakikisha neno non-free limo kwenye /etc/apt/sources.list, nikaendesha apt update, kisha apt install firmware-sof-signed. Nikawasha upya. Kadi ikatokea kwa jina lake, ila spika bado kimya. Kwenye alsamixer nikabonyeza F6, nikachagua kadi, nikakuta safu ya Speaker ina herufi MM chini yake, yaani imefungwa. Kubonyeza m mara moja tu, MM ikageuka 00. Anayeweka Debian 12, ya mwaka 2023, ana nafuu: kisakinishi rasmi kinakuja na fimuwea za aina hii.

Nikampigia tena Mama. "Leo nakusikia vizuri, mpaka jogoo wa hapo nje."