Cc 150 yangu ilivyopitwa na 125

Siku ya kwanza napitwa na pikipiki ya cc 125 nilijua tu jamaa kaichezea ile injini. Mi niko kwenye 150, nimelala juu ya tanki, resi imeisha mkononi, yeye ananipita kakaa wima kama yuko kwenye kiti cha kinyozi na mkono ananipungia. Tuliposimama nikainama kusoma ubavuni mwa injini. 125 kweli. Na haijaguswa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba cc haipimi nguvu, cc ni ujazo tu kwa sentimita za ujazo, ile nafasi pistoni inayoifagia kutoka chini mpaka juu ukizidisha kwa idadi ya silinda. Chukua injini ya Honda CG125 ambayo imeigwa mpaka basi: pistoni ina upana wa milimita 56.5 na inatembea milimita 49.5, piga hesabu unapata 124. Weka silinda ya milimita 62, mwendo uache ule ule, tayari una 149. Yaani ule ubabe wangu wote wa "mi naendesha 150" ulikuwa ni milimita tano na nusu za upana wa pistoni.

Mi nimekuja kuelewa kwa kufikiria mtu anayechota maji. Cc ni ukubwa wa ndoo. Mwenye ndoo kubwa akichota taratibu na mwenye ndoo ndogo akichota haraka haraka, pipa la nani linajaa kwanza? Huwezi kusema mpaka uhesabu ndoo ngapi kwa dakika, na kwenye injini hiyo ndo rpm, mizunguko ya injini kwa dakika. Ile nguvu ya kusukuma kwa kila mzunguko, toki, ndo inayofuatana na cc, na kwa injini za foostroki za kawaida (zinazochoma mafuta mara moja kila mizunguko miwili) zisizo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani, inakaa kwenye Nm (nyutoni mita, kipimo cha toki) 8 hadi 10 hivi kwa kila cc 100, iwe ya bei mbaya au ya kawaida. Hosipawa sasa ni toki mara rpm (ukitaka kilowati, zidisha Nm kwa rpm ugawanye kwa 9549). Yangu na ya jamaa toki zake zinakaribiana, kama Nm 12 kila moja, ila yangu inakata pumzi kwenye rpm 8000 wakati yake ina valvu nne (vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) na inapozwa na maji, inafika 10,000 bado inaimba. Ndo maana yeye ana hosipawa 15, mimi 12.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni pikipiki mbili, Royal Enfield Classic 350 na KTM 390 Duke ile ya cc 373. Ndoo karibu sawa kabisa. Classic inatoa hosipawa kama 20 kwenye rpm 6100, Duke inatoa 43 hivi kwenye 9000. Mtu atakwambia ya kwanza ni injini ya kizamani, sawa, ila angalia umbo lake: pistoni ya Classic ni nyembamba, milimita 72, na inapanda shuka milimita 85.8. Ya Duke ni pana, 89, safari yake ni 60 tu. Nikakaa nikapiga hesabu ya kasi ya pistoni zikiwa kwenye nguvu ya juu, Classic wastani ni mita 17.4 kwa sekunde, Duke 18. Aisee! Pistoni zote mbili zinakimbia karibu sawa, ila ya Duke kwa sababu safari ni fupi inarudi mara nyingi zaidi, na upana unaacha nafasi ya valvu kubwa za kuvuta hewa. Classic wao walitaka ivute kutoka chini bila makelele, na inavuta, Nm 27 kwenye rpm 4000 tu.

Halafu kuna uzito, hapa ndo watu tunajidanganya zaidi maana tunasoma kilo za pikipiki tunajisahau sisi wenyewe. Yangu ni kilo 120, mimi 70, jumla 190 kwa hosipawa 12, kila hosipawa inabeba karibu kilo 16. Mpakie abiria wa kilo 75 na begi la 20, sasa ni 285, karibu 24 kwa hosipawa. Ni kama nimeng'olewa hosipawa nne nikabaki na 8. Mwenye chuma cha hosipawa 200 akipakia abiria huyo huyo hata hashtuki. Ulaya wameliweka mpaka kwenye sheria ya leseni, ile ya A1, ya pikipiki ndogo, haiishii kwenye cc 125 na kilowati 11, inataka pia isizidi kilowati 0.1 kwa kilo.

Ila kwenye tambarare ukishachanganya uzito hauna neno sana, adui ni upepo, na upepo hauna huruma: spidi mara mbili inataka nguvu mara nane. Ndo maana hosipawa zake tatu za ziada zilitosha kuniacha japo pikipiki yake ni nzito kuliko yangu.

(Na wale wa kuweka sproketi kubwa zaidi nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, wakaseme wameongeza nguvu, hapana, umeongeza msukumo kwenye tairi na umepunguza spidi, injini ni ile ile.)

Baadaye tulibadilishana pikipiki tukiwa kila mtu na abiria, mlima mrefu. Yangu nimeizoea, gia namba tatu, rpm 4000, inapanda huku inanung'unika. Yake nikaiweka hivyo hivyo ikataka kuzima. Shusha mbili, vuta mpaka 8000, hapo ndo ikaamka, ikilegea kidogo tu shusha tena. Tulifika juu mimi wa kwanza, ila mguu wa kushoto uliuma kwa kupiga gia na abiria wangu akaomba arudi na yule mwingine.