Siku moja maishani mwangu: Septemba kwenye bustani ya kale ya Uingereza

Saa 1:00 asubuhi. Umande bado mzito, kwa hiyo hakuna kugusa mibuksi, vichaka vya majani madogo vinavyopogolewa kuwa mipaka ya vitalu. Kuvu wake hatari, aliyeingia Uingereza miaka ya 1990, husafiri na maji: ukipogoa majani yakiwa yamelowa, unamhamisha mwenyewe kutoka kichaka hadi kichaka.

Saa hizi ni za kukagua haha, handaki lenye ukuta wima upande wa nyumba na mteremko upande wa malisho. Ukiwa barazani unaona nyasi zinaenda moja kwa moja hadi kwa ng'ombe, bila uzio. Mbunifu wa bustani Charles Bridgeman alilichimba kwenye bustani ya Stowe, Uingereza, mapema karne ya 18. Capability Brown, mbunifu mwingine wa karne hiyo, naye akalitumia kwenye mandhari zake nyingi. Natafuta mahali ukuta ulipotoa tumbo. Mara nyingi tundu za kutolea maji zimeziba na maji yanausukuma kutoka nyuma. Nazizibua kwa waya. Kuna pia maradhi ya saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Ukiziba nyufa kwa saruji, maji hubaki ndani, na baridi ikigandisha, uso wa matofali hubanduka.

Saa 3:30. Majani yamekauka, tunaanza ua wa miyuu, yaani uzio hai wa miti yenye majani membamba kama sindano. Fremu ya mbao inaonyesha mlalo: kila mita moja kwenda juu, ukuta wa majani unaingia ndani sentimita 5 hadi 10. Juu pakiwa papana kuliko chini, jua halifiki chini, na matawi ya chini hufa. Tunakata kuanzia chini, ili majani yaliyokatwa yasinase kwenye sehemu ambayo bado. Makali butu huponda ncha, nazo hugeuka kahawia ndani ya siku chache. Ndiyo maana tupa ya kunolea iko mfukoni daima.

Turubai linatandikwa kabla ya mkato wa kwanza. Yuu ni sumu kali kwa mifugo, hata ikikauka, na haha iko hatua chache tu. Majani yakitupwa upande wa pili yanaweza kuua ng'ombe. Hili sisamehi.

Saa 7:00 mchana, chakula, upesi.

Saa 8:00. Mialoni ya kale. Adui mkubwa ni ardhi kushindiliwa na magari na miguu. Mizizi hukosa hewa, na kilele huanza kukauka. Kanuni: zidisha kipenyo cha shina mara 15. Shina la mita 1 linahitaji eneo la mita 15 kila upande lisilolimwa wala kuegeshwa gari. Ndani yake tunatandaza vipande vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 10, bila kugusa shina. Tawi lililoanguka linabaki lilipo kama halizuii njia, maana wadudu wengi adimu huishi kwenye mbao zinazooza polepole.

Saa 10:00 jioni, mibuksi michache, kwa mkasi wa mkono. Nafunua majani ya ndani kutafuta utando na viwavi wa kijani wenye mistari myeusi, ambao nondo wao walionekana nchini mara ya kwanza 2007. Kati ya kitalu na kitalu mkasi unafutwa kwa spiriti.

Saa 11:00. Turubai linakunjwa kuanzia pembeni, mifuko ya yuu inafungwa na kuhesabiwa, lango la malisho linakaguliwa.