Visanamu vinavyokuja na rangi zake

Mi napenda sana vile visanamu vya gemu za mezani vinavyotoka kiwandani vikiwa vimeshapakwa rangi, na naona watu wanavidharau bure. Kweli rangi yake haifiki ya mtu aliyekaa na brashi wiki nzima, macho mengine ni nukta tu, ila unafungua boksi na usiku huohuo zimwi liko mezani linapigwa.

Gemu ya Mage Knight ya kampuni ya WizKids ndo ilifungua njia mwaka 2000, halafu 2003 kampuni ya Wizards of the Coast wakaleta vya gemu ya kuigiza ya Dungeons & Dragons, seti ya kwanza Harbinger ilikuwa na visanamu 80, wakaendelea mpaka 2011, na toka 2014 WizKids wanatoa vya gemu hiyohiyo, vinaitwa Icons of the Realms. Vingi vinauzwa kwenye boksi lililofungwa hujui ndani kuna nini, ndo maana magoblini (vizimwi vidogo) yanajaa kabatini wakati joka unalolitaka halitokei. Mi nashauri nunua kimoja kimoja kwa watu wanaouza vyao, hasa vya zamani. Na hao magoblini usiwatupe jamani, gemu masta, yule anayeongoza mchezo, hachoki kuwahitaji!

Halafu panga na mikuki ya visanamu hivi huwa imepinda sababu plastiki yake laini. Chovya kwenye maji ya moto sekunde chache, nyoosha kwa vidole, kisha ukiwa bado umeshikilia itie kwenye maji ya baridi, inakaa hivyohivyo. Usikiloweke kisanamu kizima muda mrefu, gundi ya kitako inaweza kuachia.