Fundi wa nakshi niliyeshindwa kuchora bahari

Karibu mwaka mzima mlango wa mteja ulisimama kwenye karakana yangu hapa Langoni, Lamu, ukingoja mfaa, ule ubao wa nakshi unaosimama katikati ya mlango. Mbao za mbambakofi zilikuwepo, patasi zimenolewa, mikono ndiyo iliyokataa. Nikiinua nyundo moyo ulinidunda hadi masikioni. Usingizi nao uliniaga tangu upepo wa kusi ulipomchukua mdogo wangu baharini. Mashua ilipatikana, yeye hakupatikana.

Mama alinisomesha kisomo na kuninywesha kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Siyabezi hayo, na sijayaacha. Yasini ilinituliza, ila usiku ukiingia naanza upya. Binamu yangu muuguzi ndiye aliyenipeleka kwa mshauri nasaha, mama mmoja mtu mzima kutoka bara. Nilipita vichochoro vya nyuma nisionekane, maana hapa ukipiga chafya Mkomani, Langoni wanauliza umeugua lini.

Nilitaraji vidonge au maagizo. Akaniambia vidonge ni vya daktari wa akili, yeye kazi yake ni mazungumzo: dakika 50, mara moja kwa wiki, siku ile ile. Nitakayosema yatabaki pale, isipokuwa akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Nilimwamini zaidi kwa kuwa hakuniahidi siri ya kila kitu. (Ukienda, muulize bila haya kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na si kila anayejiita mshauri amesomea.)

Kikao cha tatu nilitoka nikiwa hoi kuliko nilivyoingia. Alikuwa amenionya kwamba wengine huzidiwa kidogo mwanzoni, lakini kuonywa ni kimoja na kulala macho kodo ni kingine. Wiki iliyofuata sikwenda. Niliporudi hakunigombeza, aliniuliza tu, "Wiki ilikuwaje, kaka?" Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Sijawahi kukaa na mtu mzima akaniachia ukimya wangu vile, bila kunipa pole wala aya.

Baada ya vikao kadhaa akaweka mezani karatasi kubwa, mkaa na kalamu za rangi. Aliisomea pia tiba kwa sanaa. Jina hilo, alinieleza, lilitoka kwa mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, aliyekuwa akichora alipolazwa kwa kifua kikuu. Alilitoa mwaka 1942. Nikacheka moyoni: kwangu mimi si ndiyo kazi? Nikamchorea nakshi ya mnyororo wa pembeni mwa mlango, na maua katikati, safi kabisa, hakuna mstari uliopinda.

Akautazama. "Mzuri. Huu umeuchora mara ngapi maishani?"

Siwezi kuhesabu. Hapo nikaelewa nilikuwa nimejificha nyuma ya nakshi. Akaniomba nitumie mkono wa kushoto, nichore popote ninapopajua. Ilikuwa aibu tupu, kama mtoto wa chekechea: ukuta wa gati, punda wawili wasiofanana na punda, mti wa mkungu, mzee na bakora yake. Nusu ya chini ya karatasi nikaiacha.

Nilidhani ataniambia maana yake. Wengi hudhani hivyo, kwamba utachora jua naye akufasirie kama ndoto. Hakunifasiria chochote. Aliweka kidole kwenye ile nusu, akauliza, "Na hapa peupe?"

Hapo ndipo penye bahari. Mtu wa Lamu, nimechora gati lisilo na maji. Nililia hadi dakika zikaisha, na kwa mara ya kwanza nikamtaja mdogo wangu kwa jina.

Haikuishia hapo wala sikupona siku ile. Niliendelea miezi mingi, na kuna wiki tulizungumza bei ya mbao tu. Ada nilimudu kwa shida. Nilipomwambia alinipunguzia, jambo ambalo nisingelijua kama nisingeuliza.

Karatasi zangu alizihifadhi kwenye faili, na tulipomaliza akanipa nichukue nizitakazo. Nimechukua zote ila ile ya gati. Mfaa nimeuchonga, mteja kachukua mlango wake. Alilalamika kwamba ua moja limepinda kidogo upande wa kushoto. Nikamwambia naliona, na sikulirekebisha.