Siku Nilipopimwa Ufizi

Daktari wa meno aliyenipima baada ya Idi ya mwaka 2016, katika kliniki iliyo karibu na Barabara ya Digo mjini Mombasa, hakuanza na meno. Aliniomba nilegeze uso na kuiacha midomo iachane kidogo, akapima kwa rula kutoka chini ya pua hadi ukingo wa mdomo wa juu, akaandika milimita 21. Kisha akaniambia nicheke. Kucheka kwa kuamrishwa ni kazi, hasa kwa msichana aliyezoea tangu utotoni kuziba kinywa kwa pindo la mtandio, lakini mamangu, aliyekaa nyuma yetu na mkoba mapajani, alininong'oneza habari za ami na mbuzi wake, nikacheka kweli. Ufizi ulioonekana juu ya meno ulikuwa milimita 5.

Nyumbani kwetu Kibokoni kila mtu alikuwa na sababu yake ya ufizi wangu kuonekana mno nikicheka. Bibi alishikilia kuwa mdomo wangu ni mfupi na nimeurithi upande wa babangu. Binamu yangu, aliyesikia habari za botoksi, sindano ya kulegeza misuli, alisema ni misuli inayouvuta mdomo juu mno. Daktari alizipokea sababu zote bila kucheka, akazichambua moja moja. Mdomo wa milimita 21 ni wa kawaida kwa mwanamke. Botoksi humfaa yule ambaye misuli yake huunyanyua mdomo kupita kiasi, na hata kwake nguvu yake huisha baada ya miezi michache. Taya la juu lililorefuka lingeurefusha uso wangu upande wa chini na kunifanya nikaze midomo ili ifungike. Tiba yake ni kulikata taya na kulipandisha, upasuaji unaofanywa mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa. Aliuliza pia kama ninatumia dawa za kifafa au za shinikizo la damu, kwa kuwa fenitoini na nifedipini zinaweza kuufanya ufizi uvimbe. Sikuwa nikitumia.

Ndipo alipoyageukia meno. Yale mawili ya mbele yalionekana kuwa na urefu wa milimita 7, ilhali jino la aina hiyo kwa kawaida hufika milimita 10 au 11. Alinidunga ganzi, akapenyeza chini ya ufizi kijiti chembamba cha chuma chenye alama za vipimo, akaukuta mwisho wa enameli, lile gamba gumu la nje la jino, mbali kuliko nilivyodhani. Meno yalikuwa yameota sawasawa; ufizi ndio uliokuwa haujarudi juu mahali pake.

Mamangu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasema, "Samahani daktari, sisi hatutaki kubadilisha umbo alilojaaliwa na Mola."

"Mama, jino sitalichonga," akajibu. "Nalifunua lililokwisha kuota."

Mama akatafakari, kisha akauliza kama ufizi ukikatwa hautarudi. Kwa maoni yangu hakuna aliyeuliza jambo la maana zaidi siku ile, kwa sababu jibu lake ndilo lililoamua namna ya upasuaji. Mfupa unaoshika meno yangu ulikuwa karibu mno na ukingo wa enameli, na mwili hutaka nafasi ya takriban milimita 3 baina ya mfupa na ukingo wa ufizi. Anayekata ufizi peke yake katika hali hiyo huuona ukiteremka tena.

Basi siku ya upasuaji alipunguza vyote viwili, ufizi na ukingo wa mfupa, akashona. Maumivu sikuyasikia, ila mngurumo wa mashine ulipita ndani ya fuvu kama pikipiki uchochoroni. Tabu ilikuja baadaye, kuishi kwa uji na mtindi katika mji ambao kila pembe inanukia viazi karai, huku achari, pilipili na mabuyu vikiwa haramu kwangu hadi ufizi upone.

Ulipopona, meno yalisimama kwenye milimita 10 na ufizi ukabaki milimita 2 nikicheka. Niliomba nazo ziondolewe. Daktari alikataa: enameli imeishia hapo, juu yake ni mzizi, na mzizi ukiwa wazi huumia kwa baridi, tena ufizi kidogo katika kicheko ni jambo la kawaida. Mamangu alikuwa ameshasimama, mkoba mkononi, akimshukuru kabla sijapata la kujibu.