Nilivyoifufua envelopu filta iliyobaki na sauti bila "wah"

Pedali ya gitaa ikikata sauti kabisa, angalau unajua pa kuanzia: jeki, betri, waya uliong'oka. Yangu haikukata. Ni envelopu filta, ile ambayo wengine huiita oto-wah, na sauti ilikuwa inapita, ila imefunikwa kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. "Wah", ule mlio wa sauti kufunguka na kujifunga kama mdomo, hamna. Nipige nyuzi kwa nguvu au niziguse tu, jibu lilikuwa lilelile.

Kabla ya kushika bisibisi niliondoa pedali nyingine zote, gitaa likaingia moja kwa moja. Kwa envelopu filta hatua hii si ya kupuuzwa, maana inafunguka kwa kufuata nguvu ya mpigo. Kompresa ikitangulia, mapigo makubwa na madogo yanakaribia kulingana. Distoshen, pedali inayokwaruza sauti, nayo ni hivyohivyo. Filta inafunguka na kukaa papo hapo, na mwenye pedali anaapa kwamba imekufa. Nikatoa adapta, nikaweka betri mpya ya volti 9. Hakuna kilichobadilika.

Fununu ya kwanza ya maana ilitoka kwenye swichi ya kuchagua kama zipite sauti za chini, za kati au za juu. Kila nilipoigeuza, rangi ya sauti ilibadilika. Basi filta yenyewe ilikuwa hai. Kilicholala ni kile kinachoipa amri.

Pedali hii ina njia mbili ndani yake. Moja ndiyo tunayoisikia: gitaa, filta, kisha amplifaya. Ya pili haisikiki. Inachota sehemu ya mawimbi ya gitaa, inayakuza, inayapitisha kwenye diodi ili ubaki upande mmoja tu, halafu kapasita inayalainisha yawe volteji inayopanda ukipiga na kushuka noti ikififia. Volteji hiyo, kupitia transista, inawasha LED, yaani taa ndogo, iliyofungiwa gizani pamoja na LDR, kipande ambacho ukinzani wake hupungua kikimulikwa. Mwanga ukizidi, filta inafunguka. Mpango huu ni wa zamani: Mu-Tron III ya kampuni ya Musitronics, iliyotoka mwaka 1972 na ambayo Bootsy Collins aliipenda sana kwenye besi, ilitumia LED na LDR vilevile.

Nilifungua kasha, nikabana ncha nyeusi ya multimita, kipima umeme, kwenye graundi, yaani upande wa volti sifuri. Umeme wa betri ulifika ukiwa karibu volti 9, na miguu ya kutolea ya opampu, vipande vinavyokuza mawimbi, ilionyesha karibu volti 4.5, yaani nusu, kama inavyotakiwa pedali inapotumia betri moja. Hapo nikaziacha IC, yaani vile vipande vyenye opampu ndani. Wengi hukimbilia kuzibadilisha kwanza, na mara nyingi hizo ndizo nzima.

Kipimo kilichoniokolea muda mwingi ni kukata tatizo katikati. Nilichukua rezista ya kilo-omu 1, upande mmoja nikauunganisha na volti 9 za pedali yenyewe, upande wa pili nikaugusisha kwenye mguu chanya wa LED huku noti ikilia. Hiyo inapeleka kama miliampea 7, zinazotosha kabisa. Sauti ikafunguka! Nikiondoa rezista inajifunika polepole, kwa sababu LDR huitikia mwanga haraka lakini hurudi gizani kwa kujivuta. Kwa mguso huo mmoja LED, LDR na filta nzima zikatoka kwenye orodha ya washukiwa, na nilishukuru, maana LDR hutengenezwa kwa kadmiamu, madini ambayo Ulaya imeyawekea vikwazo, na kupata kipande kinacholingana na cha awali ni shida.

Nikarudi nyuma. Kwenye mguu wa kutolea wa opampu inayokuza mawimbi, multimita ikiwa upande wa volti za AC, namba ziliruka kila nilipopiga uzi. Baada ya diodi, upande wa DC, karibu sifuri na hapakutikisika kitu. Nilizima umeme na kupima diodi: volti 0.6 upande mmoja, upande wa pili imefunga. Nzima. Kapasita ya elektroliti iliyofuata ilisoma omu mia mbili hivi, wakati rezista iliyo sambamba nayo ni ya kilo-omu 47. Nilinyanyua mguu mmoja wa kapasita kutoka kwenye bodi ili nisidanganywe na vipande jirani. Usomaji ukabaki uleule. Haikuwa imevimba wala kuvuja, kwa macho ungesema mpya, lakini kila chaji iliyoingia ilikuwa ikikimbilia graundi.

Ilikuwa ya mikrofaradi 4.7. Kwa kuwa chuma cha kulehemu kilikuwa tayari cha moto, nilijaribu nyingine pia. Ya mikrofaradi 1 ilifanya filta ijifunge haraka mno, na kwenye uzi mzito wa E, wenye hezi 82 hivi, ikatetemeka kwa kufuata kila wimbi badala ya kufuata noti. Ya 10 ilishuka kwa uvivu wa kupendeza kwenye kodi ndefu, ila ukicheza midundo ya funki noti ya pili inafika filta bado iko wazi. Nikarudi kwenye 4.7, ukizidisha na zile kilo-omu 47 unapata sekunde 0.22, na sikio langu halikuona sababu ya kubishana na aliyeisanifu. Mguu hasi upande wa graundi, lehemu kidogo, kasha likafungwa.

Kitu kimoja sikukitegemea. Kifundo cha usikivu, ambacho kwa muda mrefu nilikuwa nakisogeza juu kidogo kidogo mpaka karibu na mwisho, sasa kinatosha kikiwa chini ya nusu. Nikikipeleka pale pa zamani, filta inafunguka yote hata kwa mguso mwepesi. Bila shaka kapasita ile ilianza kuvujisha chaji zamani, na mimi nilikuwa nikiifidia kwa mkono.